Kabla hujanunua matairi makubwa ya pikapu, soma kwanza upana wa rimu zako

Mbuga_na_Mpunga

Wakuu, habari za majukumu.

Masika yakikaribia, swali humu huwa ni lile lile: "Nina Hilux, nataka matairi makubwa, niweke saizi gani?" Wachangiaji wanataja saizi walizoweka wao, mwingine anaweka picha, mwingine anasema piga lifti kwanza, yaani lipandishe gari juu. Mwenye gari anakwenda dukani, anatoa pesa ya matairi manne, na mpaka hapo hakuna aliyemuuliza rimu zake zina upana wa inchi ngapi. Linaniuma, kwa sababu pesa inayokwenda pale si ndogo, na juu ya matairi hayo wanakaa watu.

Nasimamia pikapu za shamba upande wa Ifakara, Mlimba na Malinyi. Udongo wa mbuga ukishalowa kule, najua vizuri kwa nini mtu anatamani tairi kubwa. Kwa hiyo sipingi tairi kubwa. Ninachosema ni kwamba tairi linachaguliwa kuanzia kwenye rimu, na picha ya gari la jirani haikuambii rimu zake.

Tuchukue tairi ambalo wengi wetu tunalo. Hilux nyingi za dabo kabini, Vigo na Revo, zinakuja na 265/65R17. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu likiwa na upepo. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 172. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu katikati, unapata kimo cha tairi zima, milimita 776.

Upana wa rimu haujaandikwa kwenye tairi. Umeandikwa kwenye rimu yenyewe. Fungua gurudumu moja, ligeuze, futa matope nyuma ya mikono ya rimu, utakuta maandishi ya kuchapwa: 17x7½J. Maana yake kipenyo inchi 17, upana inchi 7.5, na J ni umbo la mdomo wa rimu. Ukikuta yamelika hayasomeki, toa tairi upime kwa tepu, lakini pima ndani kwa ndani, pale ukingo wa tairi wenye waya unapokaa. Ukipima nje kwa nje utapata kama inchi moja ya ziada, na hapo ndipo mtu anaapa rimu yake ni nane na nusu kumbe ni saba na nusu.

Sasa, kila saizi ya tairi ina rimu nyembamba kabisa na rimu pana kabisa inayoruhusiwa. Watengenezaji wanazichapisha kwenye vitabu vyao vya saizi, na Ulaya wana shirika lao la kupatanisha vipimo hivyo, ETRTO. Kwa saizi zinazotajwa sana humu:

265/65R17 inataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9.5.
265/70R17 inataka 7 hadi 9, na toleo la LT, lile la mizigo, mara nyingi linaishia 8.5.
285/70R17 inataka 7.5 hadi 9.5, na la LT huishia 9.
33x12.50 (kimo na upana wa tairi, vyote kwa inchi), iwe ya rimu 15 au 17, inataka 8.5 hadi 11.

Tazameni hiyo ya mwisho. Rimu ya kiwandani ya Hilux hizi za inchi 17 ina upana wa 7.5. Ile 33x12.50 inayosifiwa sana inahitaji rimu yenye inchi nzima zaidi. Si suala la kukata madigadi wala kupiga lifti. Hata gari likipandishwa mpaka mlango uhitaji ngazi, rimu inabaki 7.5.

Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba, mbavu zinavutwa kuelekea ndani na kifua cha tairi kinatuna. Linakanyaga kwa katikati, mabega yananing'inia. Utaona katikati panaisha huku pembeni meno bado yamesimama. Kwenye kona gari linayumba juu ya mbavu kabla halijatii usukani, na ukifunga breki ghafla kwenye lami yenye mvua, mpira unaogusa chini ni mdogo kuliko ule uliolipia. Kinyume chake, tairi jembamba kwenye rimu pana linatanuka, mbavu zinalala, mdomo wa rimu unabaki wazi kwa kila jiwe, na ukishusha upepo tairi linachomoka kirahisi.

Kuna kanuni ya kukumbuka: kila nusu inchi unayoongeza kwenye upana wa rimu, tairi linaongezeka upana kama milimita 5. Kwa hiyo 265 iliyoandikwa ubavuni haikai 265 kwenye kila rimu. Hupimwa kwenye rimu ya kipimo, na kwa 265/65R17 rimu hiyo ni inchi 8. Kwenye 7.5 yako inapungua kidogo.

Ushauri wangu kwa mwenye rimu za kiwandani za inchi 17 ni 265/70R17. Upana ni ule ule, rimu inakaa ndani ya kipimo, kimo kinakuwa milimita 803. Toyota wenyewe waliiweka 265/70R17 kwenye FJ Cruiser, juu ya rimu ya 7.5 kama yako. Hiyo kwangu inatosha kuwa ushahidi.

Mengine tuyajadili. Karibuni.

Mtoto_wa_Kyela

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi nina Vigo ya 2012 ya fowili, rimu zake za kiwandani. Duka moja wameniambia 285/70R17 inaingia tu bila shida, na ndiyo waliyonayo stoo. Kwa hesabu yako 7.5 imo kwenye 7.5 hadi 9.5. Si inaruhusiwa basi?

Mbuga_na_Mpunga

Inaruhusiwa, kaka, ila upo kwenye ngazi ya mwisho kabisa ya chini. Kabla ya kulipa muombe muuzaji akuonyeshe kipimo cha rimu kwa tairi hilo hilo, la kampuni hiyo hiyo, kwa sababu si wote wanaoandika sawa.

Kingine ni kimo. 285/70R17 ni milimita 831, yaani milimita 55 zaidi ya la kiwandani. Kata usukani mpaka mwisho huku gurudumu moja limepanda tuta, ndipo utakapojua. Kwenye Vigo ambayo haijaguswa, hugusa plastiki ya ndani ya madigadi na kizuia tope cha nyuma yake. Ukiwa umesimama dukani huioni. Utaisikia siku umebeba mzigo unakata kona kwenye makorongo.

Na hizo milimita 55 hazikuinui 55. Kinachoinua gari ni nusu yake, 27. Kwa 265/70 unapanda milimita 13. Watu hudhani wamenunua kimo kikubwa kuliko walichopata.

Fundi_Msamvu

Mkuu Mbuga umeongea. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya matairi, naomba niongeze yale ninayoyaona mezani.

Tairi lililobanwa kwenye rimu nyembamba nalijua hata kabla sijalitoa. Napitisha kiganja juu ya meno kutoka pembeni kwenda katikati, kiganja kinashuka bonde dogo pale katikati palipolika. Mteja anakataa, anasema upepo ulikuwa mwingi. Wakati mwingine kweli ni upepo. Ila akishusha upepo ili mabega yakanyage, mbavu zinaanza kufanya kazi isiyo yake, tairi linapata moto, na kwa gari la mzigo hapo ndipo linapopasuka.

Kwa yeyote aliyekwishanunua na hajui kama upepo wake uko sawa, fanya jaribio la chaki. Chora mstari mnene wa chaki kukatisha kifua cha tairi kutoka bega hadi bega, endesha taratibu mbele na nyuma kwenye sakafu iliyonyooka, kisha angalia. Chaki ikifutika katikati tu, shusha upepo kidogo kidogo. Ikifutika pembeni tu, ongeza. Ikifutika sawasawa, andika hiyo namba. Gari likiwa na mzigo rudia, maana itabadilika. Lakini kama mabega hayagusi mpaka ufike upepo wa chini kupita kiasi, acha kucheza na upepo. Rimu ndiyo haifai.

Halafu jambo la nati. Rimu za aloi za Toyota zinatumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za chuma na nyingi za kununua mtaani zinataka nati za koni. Mtu anabadilisha rimu, anafunga kwa nati zilezile, zinaonekana zimeshika kumbe zimegusa ukingo tu. Baada ya safari ndefu gurudumu linaanza kupiga kelele na stadi, zile bolti za gurudumu, zinakatika. Ukinunua rimu, nunua na nati zake.

Mama_Viazi_Njombe

Habari za humu kaka zangu. Mimi nina Hilux singo kabini ya kubebea viazi, rimu za chuma, tairi 205R16C. Njia ya shambani mvua ikinyesha gari halitoki. Kijana wangu anataka tuweke 265/70R16 kama za rafiki yake. Kwa maelezo yenu naona tunakosea?

Mbuga_na_Mpunga

Dada, umeuliza vizuri kabla ya kutoa pesa. Mwambie kijana atazame rimu. Rimu za chuma zinazokuja na 205R16C kwa kawaida ni inchi 6. 265/70R16 inataka 7 kwenda juu. Haikubaliki hapo, na kwa gari linalobeba viazi ningelikataza hata kama muuzaji ataapa.

Hata 245/70R16, ambayo watu huiona kama suluhu ya kati, inaanzia 6.5. Kwa rimu yako ya 6, inayokaa kihalali ni 225/75R16C. Inakupa milimita 20 za upana na kimo kinafika 744, kidogo tu juu ya la sasa. Hiyo C usiiache. Ni tairi la mzigo, na kwenye mteremko na shehena kamili, uwezo wa kubeba una maana kuliko upana.

Ila kwa tatizo lako la kutotoka shambani, meno ya tairi ndiyo ya kwanza. 225 yenye meno ya lami itateleza kama 205 yenye meno ya lami. Chukua yenye meno ya matope au mchanganyiko, na upana ubaki ule rimu inaoukubali.

Fundi_Msamvu

Naunga mkono, dada. Na kwenye matope ya juu laini chini pagumu, tairi jembamba linakata mpaka likute ardhi ngumu. Madereva wa zamani wa Land Rover walijua hilo. Pana linaelea na kuanza kusafiri pembeni.

Jembe_4x4

Naomba kutofautiana na wakuu. Nina pikapu yenye 33x12.50R15 kwenye rimu ya inchi 8, na nimepita nayo Ngorongoro mpaka Loliondo, nimepita nayo Katavi. Haijawahi kuchomoka wala kupasuka. Zaidi ya hapo nikishusha upepo, rimu nyembamba inashika tairi vizuri kuliko pana. Hivi vitabu vya vipimo vimeandikwa kwa ajili ya barabara za Ulaya.

Mbuga_na_Mpunga

Mkuu Jembe, nusu ya ulichosema ni kweli na sitaki ipotee. Ukishusha upepo, rimu nyembamba inashikilia ukingo wa tairi kuliko pana. Ndiyo maana mtu wa porini, akiwa ndani ya kipimo, achague upande mwembamba. Mwenye 265/70R17 anayelala porini abaki na 7.5, asikimbilie 9 kwa sababu ya sura.

Lakini 8 kwa 33x12.50 ipo chini ya kipimo. Porini unatembea kilomita 30 au 40 kwa saa, na upepo umeshusha, kwa hiyo kifua chote kinalala chini. Tatizo lako linaanzia unapofika Karatu na kujaza upepo kwa ajili ya lami. Pale kifua kinatuna, unarudi Arusha kwa mwendo wa barabara kuu huku mabega hayagusi. Kufika salama mara nyingi hakuonyeshi umbali utakaohitaji siku ng'ombe anakatisha mbele yako. Fanya hilo jaribio la chaki la Fundi ukiwa na upepo wa barabarani. Nakuomba kwa dhati, ulete majibu hapa.

Jembe_4x4

Nitafanya mkuu.

Wa_Isiolo

Hamjambo wandugu wa Bongo. Mimi niko Isiolo, nina Land Cruiser 79, zile rimu za vipande zenye pete, na tairi 7.50R16 za tyubu. Kila mtu huku ananiambia niweke 265/75R16. Naona ni kimo kimoja. Je, naweza kuzifunga kwa hizi rimu zangu?

Mbuga_na_Mpunga

Karibu sana ndugu. Umeona kitu sahihi: zote zinakaribia milimita 805, ndiyo maana wenye 79 wanapenda kubadilishana, spidomita haisumbuki. Tatizo ni rimu. Hiyo ya vipande ni inchi 5.5, na 265/75R16 inataka 7 hadi 8. Tena haizuii upepo bila tyubu, maana imeungwa kwa pete.

Kwa hiyo ukitaka hizo lazima ununue rimu nyingine, ya kipande kimoja, ya inchi 7 au 8, yenye matundu ya 5x150, yaani matano kwenye duara la milimita 150, kwani 79 si matundu sita kama Hilux. Kama hutaki kununua rimu, baki na 7.50R16. Si tairi la aibu. Ni jembamba, refu, linabeba mzigo, na kati ya Isiolo na Marsabit ukitoka nje ya lami utapata fundi wa kuliziba popote kwa nyundo na viraka.

Wa_Isiolo

Nimeshukuru. Nitabaki nayo mpaka nipate rimu za kweli.

Tochi_Chalinze

Wakuu mimi nauliza juu ya spidomita. Ukiongeza kimo cha tairi, si utapigwa tochi kila siku huku unaona hujavuka?

Mbuga_na_Mpunga

Gawanya kimo kipya kwa cha zamani. 803 kwa 776 ni ongezeko la kama asilimia 3.5. Spidomita ikisoma 100, gurudumu linakwenda kama 103. Kwa 285/70R17 ni asilimia 7, ikisoma 100 upo 107, na kwenye kibao cha 50 ukisoma 50 upo 53 na nusu.

Ila spidomita ya kiwandani hutengenezwa isome juu kidogo ya mwendo halisi, haitakiwi kusoma chini. Kwa hiyo 265/70 mara nyingi inakuleta karibu na ukweli. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. 285 ndiyo ya kuangalia.

Na kilomita nazo zinahesabiwa pungufu. Mtu anabadilisha tairi, anaona mafuta yameongezeka, anamlaumu fundi wa nozeli. Sehemu ya hilo ongezeko ni hesabu tu: umetembea 103, dashibodi inasema 100. Sehemu nyingine ni ya kweli, tairi ni zito na gia zimekuwa ndefu. Kwenye mlima utashusha gia mapema kuliko ulivyozoea, breki nazo zina kazi zaidi.

Bi_Kijitonyama

Samahani, naomba kuelimishwa. Kama rimu za kiwandani ni nyembamba, kwa nini nisinunue rimu za inchi 9 tu zile zinazotoka nje, niondokane na hesabu zote? Nimeziona, zinapendeza.

Fundi_Msamvu

Dada yangu, hapo inaingia namba nyingine, ET. Nyuma ya rimu ya Hilux utaona 30 au ET30. Ni milimita ambazo uso wa rimu unaoegemea kwenye habu (kitovu cha gurudumu) umesogea nje kutoka katikati ya rimu. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikiwa ndogo au sifuri, linatoka nje.

Hizo za kupendeza nyingi ni ET0 au hata chini ya sifuri. Chukua 9J ET0, ilinganishe na 7.5J ET30. Ukingo wa nje unatoka milimita 49 zaidi. Karibu sentimita tano kila upande! Beringi zinabebeshwa kwa pembeni, boljointi na tairodi zinakwisha mapema, usukani unavuta kila ukikanyaga shimo, na matope yanarushwa mpaka kwenye kioo cha mlango. Halafu, hili wengi hawalijui, gurudumu lililotoka nje linazunguka duara kubwa zaidi unapokata usukani, kwa hiyo tairi ambalo halikuwa linagusa madigadi sasa linagusa.

Ukitaka rimu pana kidogo tafuta 8J yenye ET ya 20 hadi 30. Kwa 8J ET20 unatoka nje milimita 16 tu.

Mbuga_na_Mpunga

Na spesa za kuongeza chini ya rimu zinafanya kazi ile ile ya kutoa gurudumu nje. Kwa gari la mzigo mimi siziruhusu.

Ranger_Dodoma

Mkuu, rafiki yangu ana rimu za Ford Ranger anauza bei nzuri, 17x8, matundu sita. Naona umbali wa matundu ni ule ule 6x139.7. Nataka kuziweka kwenye Hilux niweke 285.

Fundi_Msamvu

Usizinunue mkuu. Matundu yanalingana lakini tundu la katikati la Ranger ni milimita 93.1, habu ya Hilux inataka 106.1. Haiingii. Utamkuta mtu wa kukuchongea, naye atapunguza chuma pale panapobeba uzito. Na ET ya Ranger ni 55, kwa hiyo gurudumu lingeingia ndani na tairi la 285 lingekwenda kusugua mkono wa juu.

Kama unatafuta rimu za mtumba za Hilux, tafuta za Prado 120 au 150. Matundu sita, tundu la katikati 106.1, inchi 7.5. Zikague kwa kuzizungusha kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa, maana za mtumba nyingi zimepinda mdomo wa ndani, ambao huuoni ukiwa umesimama.

Maskati_Mchangani

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mie niko Maskati, huku mambo yetu ni mchanga. Nimeusoma uzi wote, nimefurahi, naomba nitie neno.

Tukiingia ramla za Sharqiya, vile vilima vya mchanga, tunashusha upepo mpaka psi 15 au 18. Tairi linalala, alama yake inakuwa ndefu, gari linaelea. Hapo ndipo utamjua mwenye rimu pana. Vijana wanatia 265 kwenye rimu za inchi 9, lami inawapendeza. Akikata kona upande wa mteremko wa ramla, tairi la mbele la chini linavuka mdomo, upepo wote unatoka, na gari limeinama. Kulirudisha tairi kwenye rimu katika mchanga, jua kali, ni kazi ya watu watatu na jeki juu ya ubao.

Basi alivyosema huyo ndugu ni haki: uwe ndani ya kipimo, na kama unashusha upepo, elekea upande mwembamba. Na ukitoka mchangani jaza upepo kabla hujafika lami, usiseme nitajaza mbele.

Mbuga_na_Mpunga

Wa aleykum salaam sheikh, ahsante sana. Hili la kujaza kabla ya lami linatuhusu na sisi wa matope.

Jembe_4x4

Wakuu, nimefanya lile jaribio la chaki kwenye sakafu ya yadi, upepo nilioutumia siku zote barabarani. Chaki imefutika upana wa kama kiganja katikati. Pembeni kote imebaki nyeupe. Nimeshusha mara kadhaa, ilipoanza kufutika mabegani upepo ulikuwa umeshuka kiasi ambacho siwezi kwenda nacho barabara kuu. Natafuta rimu za inchi 10, au nishuke tairi. Nani anajua 31x10.50R15 inakaaje kwenye rimu yangu ya 8?

Fundi_Msamvu

Inakaa katikati kabisa mkuu. 31x10.50R15 inataka 7 hadi 9. Rimu yako ya 8 ni mahali pake, hununui rimu. Na 10.50 kwa njia za Loliondo inatosha. Nakushauri ushuke tairi.

Mtoto_wa_Kyela

Wakuu, nimefungua gurudumu la nyuma nikafuta matope, nimekuta 17x7½J na pembeni 30, kama mlivyosema. Nimeamua 265/70R17. Duka lingine wanazo, kuna za aina mbili, moja ina namba 115 na S, nyingine ni LT ina namba mbili 121/118. Ipi? Na je, nikinunua mbili za nyuma kwanza, za mbele mwezi ujao?

Mbuga_na_Mpunga

Mbili kwanza, hapana. Gari lako ni fowili. Ukiwa na kimo tofauti mbele na nyuma halafu ukaingiza fowili, ekseli mbili zinataka kuzunguka kwa mwendo tofauti na zimefungwa pamoja. Transfa na difu, gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu, ndizo zinazoumia. Subiri mpaka upate pesa ya manne, na la spea ikiwezekana, maana ukipata pancha nyuma ukafunga spea ya zamani, usitumie fowili hadi ulitengeneze lile kubwa.

Hiyo namba ni uwezo wa kubeba. 115 ni kilo 1215 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1450. La kiwandani la 265/65R17 huwa 112, kilo 1120, kwa hiyo yote mawili yanazidi. Ukibeba ndizi na mchele kutoka Kyela kwenda Mbeya kila wiki, na njia ina mawe, chukua LT, mbavu zake ni nene. Ukiwa unabeba familia na mizigo midogo, ile ya 115 ni laini zaidi na nyepesi. Ukichukua LT kumbuka linahitaji upepo zaidi kidogo kubeba uzito ule ule, kwa hiyo namba ya kwenye nguzo ya mlango ni ya kuanzia tu. Piga chaki.

Na angalia tarakimu nne za mwisho wa DOT, ile alama ya ubavuni mwa tairi. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Usikubali tairi jipya lililokaa stoo miaka.

Fundi_Msamvu

Siku ya kufunga, kabla hujaondoka gereji: kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mbele na nyuma, mtu akiwa ameinama anaangalia nyuma ya tairi, pale kwenye kizuia tope na kona ya chini ya madigadi. Kikigusa kizuia tope, kinasogezwa au kinapunguzwa kidogo. Halafu waambie wapige balansi na waangalie alaimenti.

Nati zikazwe kwa mkono na spana ya kipimo, kwa kupishana, si kwa mashine ya upepo peke yake. Ukishatembea kama kilomita 80, simama uzikaze tena.

Mtoto_wa_Kyela

Nimeelewa wakuu. Nakwenda Jumamosi, zote tano, LT.